Maneno Nyuma ya Nguo

Mama anayejua kununua kanga hafanyi haraka dukani. Huikunjua, hutazama mji na pindo, huuliza kama rangi inachuja, kisha husoma jina. Maua yakimpendeza lakini jina likawa la ugomvi, mara nyingi huirudisha mezani. Kwetu kina mama, basi, si jambo geni nguo moja kubeba picha na maneno.

Msomaji mpendwa, katika safari yetu ya mwezi huu tunakwenda India, kwa mama mmoja mchoraji aitwaye Nilima Sheikh. Yeye naye huweka picha na maneno katika nguo moja, ila nguo zake hazivaliwi. Ni vitambaa vikubwa, kila kimoja kirefu kushinda mlango, ambavyo huning'inizwa ili watu wapite katikati yake. Mbele kuna picha zinazofanana na mambo ya ndotoni: milima, miti, nyumba, na watu wadogo wadogo. Ukizunguka nyuma unakuta maandishi: mashairi, hadithi na habari za kale. Asiyezunguka huondoka akisema, "Picha nzuri kweli," bila kujua picha ile ilikuwa inamlilia nani.

Hebu tufuatane tuone nguo hizo zilikotoka. Tutaanzia mji wa Baroda, anakoishi mchoraji, kisha tutapanda kaskazini hadi bonde la Kashmir, ambalo ndilo alilolichora.

Baroda, mji wa shule

Baroda, ambao jina lake rasmi leo ni Vadodara, uko katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Gujarat si mbali sana na sisi. Familia nyingi za Wahindi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa zina asili yake huko. Mgeni anayetembea Baroda ataonyeshwa kasri kubwa la Lakshmi Vilas, na bustani pana yenye jumba la makumbusho. Ataonywa pia asiteremke ovyo kwenye mto Vishwamitri unaopita mjini, kwa sababu una mamba.

Lakini sifa kubwa ya Baroda ni shule. Mtawala wake, Maharaja Sayajirao wa Tatu, alitawala tangu 1875 hadi 1939. Mwaka 1904 alitoa sheria ya kuzuia ndoa za watoto. Mwaka 1906 akaagiza kwamba elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure katika nchi yake yote, kwa wavulana na wasichana. Chuo kikuu chenye jina lake kilianzishwa mwaka 1949, na mwaka uliofuata kikafungua kitivo cha sanaa ambacho kimekuza wachoraji wengi wanaojulikana India nzima.

Nilima Sheikh, aliyezaliwa Delhi mwaka 1945, alikuja kusoma katika kitivo hicho baada ya kusoma historia huko kwao. Mwalimu wake mmoja, K.G. Subramanyan, aliwafundisha vijana wake wasidharau kazi za mikono za vijijini: vinyago vya udongo, vitambaa vya kutarizi, picha zinazochorwa ukutani wakati wa arusi. Hapo Baroda Nilima akaolewa na Gulammohammed Sheikh, ambaye ni mchoraji na pia mshairi wa lugha ya Kigujarati. Nyumba ya namna hiyo, ambamo rangi na shairi vinaishi chini ya paa moja, lazima itie mtu alama.

Binti aliyeitwa Champa

Kabla ya kufika Kashmir inatubidi tusimame kwanza kwa Champa, maana bila yeye hatutaelewa yanayofuata.

Champa ni jina la ua lenye harufu nzuri. Katika miaka ya 1984 na 1985 Nilima alichora picha 12 ndogo juu ya karatasi iliyotengenezwa kwa mikono, kwa rangi ya unga iliyochanganywa na gundi ya mti. Zinasimulia habari za msichana ambaye mchoraji mwenyewe alimjua. Mwanzoni tunamwona Champa akiwa mtoto mwenye furaha, na baiskeli yake na bembea. Kisha inakuja arusi. Kisha jiko la ukweni, na kazi isiyokwisha, na maneno makali. Halafu moto. Mwishoni wanawake wanalia.

Msomaji wetu anaweza kuuliza, moto wa nini? Hapa tueleze kidogo. Kwetu mahari hutoka upande wa mume kwenda kwa wazazi wa binti. Huko India, katika jamii nyingi, mali hutoka upande wa binti kwenda kwa mume na wazazi wake. Baada ya arusi wengine hudai zaidi: fedha, vyombo, pikipiki. Wazazi wakishindwa kutoa, binti huteswa, na wako waliomwagiwa mafuta ya taa jikoni wakachomwa, kisha majirani wakaambiwa kuwa jiko lililipuka. Serikali ya India ilipiga marufuku mali hiyo ya ndoa mwaka 1961, na mwaka 1986 ikaongeza katika sheria kosa maalumu la kifo cha namna hiyo. Hata hivyo, katika takwimu za polisi za mwaka 2022 peke yake, vifo vya aina hii vilivyoandikishwa vilizidi 6,000.

Picha za Champa huenda pamoja na nyimbo za wanawake wa Gujarat, zile za kumsindikiza bibi arusi. Kila mama anajua nyimbo za namna hiyo. Huimbwa kwa vigelegele, lakini ukisikiliza maneno yake unasikia kilio cha binti anayeacha kwao na hajui aendako atapokewaje. Mchoraji hakuhitaji kubuni maneno ya kumwonya mtu. Onyo lilikuwa ndani ya wimbo siku zote, na watu waliendelea kuucheza.

Miaka miwili baadaye, tangu 1987 hadi 1989, Nilima alishirikiana na wachoraji wenzake watatu, wote kina mama, Arpita Singh, Nalini Malani na Madhvi Parekh, wakafanya maonyesho ya pamoja katika miji kadhaa. Wakati huo wanawake kukusanyika wakaonyesha kazi zao wenyewe halikuwa jambo la kawaida India.

Bonde la Kashmir

Sasa tupande kaskazini. Kashmir ni bonde lililozungukwa na milima yenye theluji, na mji wake mkuu, Srinagar, uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi msafiri alifika kwa ndege au kwa barabara yenye kona nyingi na mashimo marefu yaliyochimbwa ndani ya mlima. Mwezi Juni 2025 treni ilianza kufika Srinagar kutoka upande wa kusini. Inapita juu ya daraja la mto Chenab, lililo mita 359 juu ya mto.

Katika Srinagar kuna ziwa Dal. Juu yake zimefungwa nyumba za mbao zinazoelea, na mitumbwi myembamba iitwayo shikara hupita ikibeba abiria, maua na mboga. Mboga nyingine hulimwa humo humo ziwani, kwenye vitalu vya majani na matope vinavyoelea. Alfajiri wauzaji hukutana kwa mitumbwi wakabadilishana bei kabla jua halijapanda. Kandokando imesimama miti mikubwa ya chinari, ambayo majani yake hugeuka mekundu kama makaa kabla ya baridi kuingia.

Baridi yenyewe si mchezo. Watu huvaa joho pana liitwalo pheran, na ndani yake hubeba kangri, yaani chungu kidogo cha makaa kilichofumiwa kikapu. Mama hukaa nacho, hupika nacho karibu, na hujifunza tangu utotoni namna ya kukibeba bila kujiunguza. Chai yao ni ya rangi ya waridi, na badala ya sukari hutiwa chumvi.

Karibu na Srinagar ni Pampore, penye mashamba ya zafarani. Mwishoni mwa Oktoba mashamba hugeuka zambarau. Wanawake huinama kuchuma ua moja moja, na kila ua hutoa nyuzi tatu tu. Gramu moja ya zafarani huhitaji takribani maua 150. Tunaponung'unika bei ya zafarani ya pilau, tukumbuke migongo hiyo.

Pampore ndiko inakosemwa kuwa aliolewa Lal Ded, mwanamke mshairi wa karne ya 14. Inasimuliwa kuwa mama mkwe wake alikuwa akimwekea jiwe katika sahani na kulifunika kwa wali kidogo, ili atakayetazama adhani chakula kimejaa. Lal Ded alikula ule wali mchache, akaliosha jiwe, akalirudisha jikoni kimya. Mwishowe aliondoka katika nyumba ile akaenda zake, akizunguka na kutunga mashairi mafupi. Mashairi yake ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha ya Kikashmiri, na Wahindu na Waislamu wa bonde hilo wote humheshimu. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tuongeze kwamba siri ya sahani aijuaye mkamwana.

Nchi isiyo na posta

Nilima Sheikh aliijua Kashmir tangu akiwa mtoto, kwa maana wazazi wake walimpeleka huko wakati wa likizo. Lakini bonde alilolijua lilibadilika. Tangu 1947 India na Pakistani zimegombania eneo hilo, na mwaka 1989 uasi wa silaha ulianza. Askari walijaa mitaani. Tangu 1990 makumi ya maelfu ya Wahindu wa bonde, waitwao Pandit, waliacha nyumba zao wakihofia kuuawa, na wengi hawajarudi. Waislamu waliobaki walizika vijana wao mmoja baada ya mwingine. Katika mwaka huo wa 1990 kazi za posta zilivurugika kwa miezi, barua zikarundikana bila kufika.

Mtu aliyezitungia shairi barua hizo ni Agha Shahid Ali. Alizaliwa mwaka 1949, akakulia Srinagar, kisha akaenda kufundisha Marekani. Mwaka 1997 alitoa kitabu cha mashairi ya Kiingereza kiitwacho The Country Without a Post Office, yaani nchi isiyo na posta. Mwaka huo huo mama yake alifariki huko Marekani kwa ugonjwa wa saratani ya ubongo. Familia ikasafiri na mwili wake hadi Kashmir ili azikwe kwao. Mshairi aliandika juu ya safari hiyo ya mazishi, na mwaka 2001, akiwa na miaka 52, naye akafa kwa ugonjwa ule ule.

Nilima alisoma mashairi hayo na hayakumtoka. Kutoka kwa mshairi huyu alipata jina la vitambaa vyake, jina linalomtaka mtu aendelee kuiona Kashmir kila usiku katika ndoto zake. Kazi hiyo ilimchukua takribani miaka saba, kuanzia 2003 hadi 2010.

Mbele na nyuma

Kila kitambaa ni kama mita tatu kwenda chini na karibu mita mbili kwa upana. Rangi ni za unga, zilizokorogwa kwa gundi inayotokana na maziwa. Rangi za namna hiyo hazing'ai kama za mafuta. Hutulia juu ya nguo kama vumbi laini, na kwa sababu hiyo picha huonekana kama jambo linalokumbukwa kwa mbali.

Maua na mapambo mengi ameyapitisha kwenye karatasi zilizokatwa matundu. Ufundi huo unaitwa sanjhi, na ni wa mji wa Mathura, ambako mafundi hukata karatasi kwa mkasi mwembamba mpaka inafanana na kitambaa cha lesi. Karatasi ikiwekwa juu ya nguo na rangi ikipita katika matundu, ua moja linaweza kurudiwa mara nyingi, kama wafanyavyo watengenezaji wa vitambaa. Huko India pia ni desturi ya zamani kuning'iniza nguo zenye picha katika mahekalu, na Nilima mwenyewe aliwahi kupaka mapazia ya jukwaa la maigizo. Ndiyo sababu hakuona haja ya fremu.

Ukisimama mbele hutaona picha moja yenye mwanzo na mwisho. Katika ndoto mto unaweza kupita juu ya paa, na marehemu akaketi na walio hai, nasi tusishangae mpaka tuamke. Mchoraji ametumia ruhusa hiyo ya ndoto. Mlima uko juu, bustani katikati, watu wanahama chini, na mambo ya karne mbalimbali yanakaa katika nguo moja bila kuulizana umri. Uzuri upo, tena mwingi. Ni bonde ambalo wafalme wa kale waliliita pepo. Lakini ndani ya uzuri huo wapo watu wanaokimbia na watu wanaolia.

Sasa zunguka. Nyuma ameandika maneno kutoka mahali pengi: mashairi ya Agha Shahid Ali, maneno ya Lal Ded, habari kutoka kitabu cha kale cha wafalme wa Kashmir kilichotungwa na Kalhana katika karne ya 12, na hadithi za watu wa kawaida. Maneno ya Mhindu na ya Mwislamu, ya malkia na ya mkamwana mwenye jiwe katika sahani, yote yako juu ya nguo. Huwezi kuona mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ni lazima utembee, na unaposoma nyuma inakubidi uikumbuke picha ya mbele. Vitambaa hivyo vilionyeshwa Mumbai na Delhi mwaka 2010, na mwaka 2014 vikaning'inizwa katika jumba la sanaa la Art Institute huko Chicago.

Kina mama wa bustani ya Pratap

Tusiondoke Srinagar bila kupita katika bustani ndogo ya Pratap, katikati ya mji. Kwa miaka mingi, siku moja ya kila mwezi, kina mama waliketi hapo wakiwa na picha za watoto wao mapajani. Aliyewakusanya ni Parveena Ahangar. Mwanawe Javed, kijana ambaye hajafika hata miaka 20, alichukuliwa na askari usiku mmoja wa mwaka 1990, na hakuonekana tena. Mama huyo alizunguka kambi, hospitali na mahakama. Alipogundua kuwa si peke yake, mwaka 1994 aliunda chama cha wazazi wa watu waliopotea. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Rafto huko Norway pamoja na wakili Parvez Imroz.

Katika bonde hilo wapo pia wanawake waitwao nusu wajane. Waume zao walichukuliwa, hawakurudi, wala hakuna maiti. Mwanamke hawezi kukaa eda, hawezi kurithi, hawezi kusema ameolewa wala kwamba hajaolewa. Ni sisi tulio na waume tunaoweza kupima uzito wa jambo hilo, tukifikiri tu namna tunavyokaa macho mume akichelewa saa mbili.

Na bado mambo hayajatulia. Agosti 2019 serikali ya India iliondoa hadhi maalumu ya Kashmir, na kwa majuma simu hazikulia. Intaneti ya kasi haikurudi kote mpaka Februari 2021. Watoto walio mbali hawakuweza kusikia sauti za mama zao, kama vile barua za 1990. Aprili 2025 watu wenye silaha waliua watu 26, wengi wao watalii, karibu na mji wa Pahalgam. Miongoni mwa waliobaki wajane alikuwamo mke aliyeolewa siku chache tu kabla.

Nilima Sheikh hakuchora picha ya kusema nani ana haki katika ugomvi wa mataifa. Alichofanya ni kukataa uzuri wa mahali utumike kufunika maumivu ya watu wake, jinsi ule wali ulivyofunika jiwe. Kalenda za Kashmir zina ziwa na maua. Nguo zake zina ziwa na maua, na nyuma zina majina na kilio.

Jambo hilo linatugusa sisi kwa njia ya karibu kabisa. Nyumba nyingi zina picha za ukutani ambazo watu wote wanatabasamu. Binti yetu aliyeolewa anapotuletea picha ya kwake mpya, tunatazama makochi na mapazia, tunasema amepata. Ni mara ngapi tunamkalisha kando, tukamuuliza kwa utulivu jinsi anavyoishi, na tukasubiri jibu la pili baada ya lile la kwanza la "salama tu, mama"? Wazazi wengi wa kina Champa waliyajua mateso ya binti zao, lakini waliwarudisha ukweni kwa kuogopa aibu.

Na tufanye jambo moja dogo mwezi huu. Tuziteremshe picha za familia, tuzigeuze, na kwa kalamu isiyochuja tuandike nyuma: huyu ni nani, ilikuwa wapi, mwaka gani, na siku ile kulikuwa na nini. Aliyekuwa mgonjwa, tuseme alikuwa mgonjwa. Aliyekuwa anaaga, tuseme alikuwa anaaga. Bibi aliye hai bado na azikumbuke nyimbo alizosindikizwa nazo, nasi tuziandike maneno yake. Watoto wetu wakija kuzunguka nyuma, wakute kuna kitu cha kusoma.